Boksi la spika ya gari: lita chache zinazoamua sauti

RUBAVU – Dereva hununua spika mbili ndogo, akazisikiliza zikiwa zimefungwa kwenye ubao mpana ukutani mwa duka, akaridhika nazo. Siku chache baadaye, zikiwa ndani ya kijiboksi chini ya kiti cha gari lake, mtangazaji wa taarifa ya habari anasikika kama mtu anayezungumza ndani ya pipa, na gitaa la besi katika rumba limegeuka kuwa mvumo mmoja usiotofautisha noti na noti. Lawama zote huiangukia spika. Mara nyingi spika haina hatia. Kilichokosekana ni lita kadhaa za hewa nyuma yake.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, ila katika mji kama Gisenyi, ambako magari hupanda kila siku kuelekea Musanze na Kigali na mengine hushuka hadi mpakani mwa Goma, redio ndiyo mwenza wa safari. Msikilizaji anayeingoja habari kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, hana picha wala maandishi ya kumsaidia: asipolishika neno masikioni, limempita. Sauti isipoeleweka, mkono huenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kuongeza sauti. Hapo kelele huongezeka, lakini maneno hubaki na ukungu ule ule.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua ukubwa wa boksi lililofungwa kabisa, lisilo na tundu, kwa ajili ya spika ndogo za gari. Hesabu yake haizidi ile ya shule ya msingi ya juu, na vifaa vyake vinapatikana kwa fundi redio yeyote.

Hewa iliyofungwa ni springi

Koni ya spika inapokwenda mbele husukuma hewa ya mbele na, kwa wakati huo huo, huivuta hewa ya nyuma. Hivyo spika hutoa sauti mbili zinazopingana. Katika sauti nyembamba upinzani huo hauna madhara makubwa, lakini katika besi mawimbi ni marefu, huzunguka ukingo wa spika kwa urahisi, na sauti ya nyuma huifuta ya mbele. Ndiyo sababu spika iliyoshikwa mkononi, bila ubao wala boksi, husikika nyembamba kama ya simu.

Boksi huizuia sauti ya nyuma isitoke. Lakini likiwa limefungwa kabisa, hufanya na kazi ya pili: hewa iliyomo humo hugeuka springi. Koni ikirudi ndani hewa hubanwa na kuisukuma itoke. Koni ikitoka, hewa hutanuka na kuivuta irudi. Kadiri boksi linavyokuwa dogo ndivyo springi hiyo inavyokuwa ngumu. Aliyewahi kuziba kwa kidole tundu la pampu ya baiskeli na kuusukuma mpini ameuhisi ugumu huo.

Mmarekani Edgar Villchur ndiye aliyeigeuza hali hiyo kuwa faida. Spika kubwa za zama zake zilikuwa na koni zilizoshikiliwa kwa ukingo mgumu, nazo zilihitaji makabati makubwa kama ya nguo. Mwaka 1954 Villchur alitoa spika iliyoitwa AR-1: aliulegeza ukingo wa koni na kuiachia hewa ya boksi dogo, lililozibwa barabara, kazi ya kuirudisha koni mahali pake. Besi nzito ikatoka katika boksi la kuwekwa rafuni. Kila sabufa iliyofungwa ndani ya buti la gari leo ni mjukuu wa boksi hilo.

Kilichobaki kilikuwa hesabu. Mhandisi Neville Thiele wa Australia, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1961, na baada yake Richard Small, aliyefanya utafiti wake Chuo Kikuu cha Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970, walionyesha kwamba tabia ya spika katika besi inaweza kuelezwa kwa namba chache tu. Namba hizo ndizo zinazochapishwa hadi leo kwenye karatasi inayokuja na spika, na ndiyo karatasi ambayo wanunuzi wengi huitupa pamoja na katoni.

Namba tatu za kutafuta

Ya kwanza ni Fs, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, au hezi, ambayo koni huipendelea yenyewe ikiwa huru. Ya pili ni Vas, inayotolewa kwa lita: ni ujazo wa hewa ambao ugumu wake wa kispringi unalingana na ugumu wa ukingo wa koni. Ya tatu ni Qts, namba isiyo na kizio, inayoonyesha ni kwa kiasi gani sumaku na ukingo vinaizuia koni isiendelee kutikisika baada ya mpigo kwisha. Qts ndogo ni koni inayotii upesi. Qts kubwa ni koni inayoendelea kucheza baada ya ngoma kunyamaza.

Spika ikishaingia katika boksi, mitetemo yake ya asili hupanda na kuitwa Fc, na ile Qts nayo hupanda na kuitwa Qtc. Vyote viwili hupanda kwa kiasi kimoja. Chukua Vas, gawanya kwa ujazo wa boksi, ongeza moja, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu hilo zidisha kwa Fs upate Fc. Zidisha kwa Qts upate Qtc.

Tuchukue spika ya mfano ya inchi sita na nusu, yenye Fs ya hezi 65, Qts ya 0.5 na Vas ya lita 12. Tukiipa boksi la lita 12, Vas gawanya kwa boksi ni 1. Ongeza 1 ni 2. Kipeuo cha pili ni 1.41. Fc inakuwa hezi 92 na Qtc inakuwa 0.7. Hapo ndipo mafundi wengi hulenga, kwa kuwa karibu na 0.7 besi hushuka taratibu bila uvimbe wowote. Tukiipa lita 4 tu, Qtc inafika 1 na Fc hezi 130: sauti ina joto fulani ambalo wengine hulipenda, ila besi ya chini imeanza kuondoka. Tukiibana katika lita 2, Qtc inapita 1.3, Fc inafika hezi 172, na mahali hapo sauti inavimba kwa desibeli zipatazo 3.

Hezi 172 si mahali popote tu. Sauti ya mwanamume anapozungumza hutetemeka takriban kati ya hezi 85 na 180, na ya mwanamke huanzia karibu na mwisho wa masafa hayo. Boksi la lita 2, kwa hiyo, linaivimbisha sehemu ile ile ambamo sauti ya mtangazaji imesimama, na huo ndio mvumo wa pipa tuliouanza nao. Gitaa la besi nalo, nyuzi zake nne zikiwa wazi, hutoa hezi 41, 55, 73 na 98. Zote ziko chini kabisa ya hezi 172. Msikilizaji hupata mwangwi wa juu wa kila noti, lakini noti yenyewe imebaki nje ya gari.

Ukitaka kuanzia kwenye Qtc unayoitaka na kurudi kwenye lita, gawanya Qtc hiyo kwa Qts, jibu lizidishe kwa lenyewe, toa moja, kisha Vas igawanye kwa kilichobaki. Katika mfano wetu, 0.707 gawanya kwa 0.5 ni 1.414, ikizidishwa kwa yenyewe ni 2, toa 1 ni 1, na 12 gawanya kwa 1 ni 12.

Zipo spika ambazo hesabu hii huzigomea. Nyingi kati ya zile zinazotengenezwa kwa ajili ya milango ya gari zina Qts ya 0.7 au zaidi, kwa sababu mtengenezaji alikusudia ziwe na hewa nyingi nyuma yake. Ukitafuta Qtc ya 0.707 kwa spika yenye Qts ya 0.75 utapata jibu hasi. Hapo spika imejieleza: hakuna boksi lililofungwa, liwe kubwa kiasi gani, litakaloifikisha huko. Ibaki mlangoni, matundu makubwa ya bati la ndani yakizibwa vizuri ili sauti ya nyuma isipenye.

Hewa ya Ziwa Kivu si hewa ya Mombasa

Kuna jambo moja ambalo karatasi ya spika hailisemi. Namba ya Vas kwa kawaida hutolewa kwa hewa ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa huo, na kanieneo ya hewa huku ni kama asilimia 84 ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Ugumu wa springi ya hewa hufuata kanieneo hiyo, basi lita moja ya hewa ya Gisenyi ni springi laini kuliko lita moja ya hewa ya pwani.

Kwa lugha ya fundi, Vas ya lita 12 iliyoandikwa kwenye karatasi, ikifika hapa, hufanya kazi kama lita 10. Boksi lililohitaji lita 12 Mombasa linatosha kwa lita 10 Gisenyi. Musanze, iliyo juu zaidi kwa karibu mita 400, kanieneo hushuka hadi kama asilimia 80, na boksi laweza kupungua kidogo tena. Kwa sikio, tofauti hizi si kubwa, na gari litakalosafiri kati ya miji hiyo halitabadili sauti kwa namna ya kumshtua mtu. Lakini chini ya kiti cha gari, lita mbili ni nafasi ya kuhesabiwa.

Lita za ndani, si za nje

Hesabu ikishakamilika, kosa linaloharibu kazi nyingi hutokea kwenye futi ya seremala. Lita zinazohesabiwa ni za ndani. Boksi lenye sentimita 30 kwa 22 kwa 15.2 lina lita 10, ikiwa vipimo hivyo ni vya ndani. Seremala akivichukua kuwa vya nje, na ubao ukiwa na unene wa milimita 18, kila upande unapoteza sentimita 3.6. Kinachobaki ndani ni 26.4 kwa 18.4 kwa 11.6, ambacho ni lita 5.6. Karibu nusu ya hewa imegeuka mbao, na mteja hajui. Kwa ndani ya lita 10, vipimo vya nje viwe 33.6 kwa 25.6 kwa 18.8, kisha iongezwe nafasi ya sumaku na kiunzi cha spika, ambayo katika spika ndogo aghalabu ni kati ya nusu lita na lita moja, pamoja na ujazo wa mbao zozote za kuimarishia kona.

Spika mbili katika boksi moja hugawana hewa. Mbili zinazohitaji lita 10 kila moja zataka lita 20, na ni vema ubao wa kati uzitenganishe, ili moja ikiharibika nyingine isipoteze springi yake. Umbo lenyewe halina uzito mkubwa: mstatili, pembetatu ya kujibanza nyuma ya kiti, vyote hufaa, mradi lita zitimie na ubao usitetemeke.

Nafasi ikikataa kabisa, pamba ya polista ya mito, ikijazwa bila kushindiliwa, huliongezea boksi uwezo. Nyuzi zake hupokea na kurudisha joto la hewa inayobanwa, na springi hulainika. Kinadharia faida hiyo haiwezi kupita asilimia 40. Katika kazi halisi fundi afurahi akipata 15 au 20. Boksi la lita 5 lililojazwa pamba litasikika kama la lita 6, si kama la 10.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili na kutengeneza boksi kubwa kupita kiasi, wakiamini kwamba ukubwa hauna hasara. Koni iliyonyimwa springi hutembea mbali mno kila ngoma inapopigwa kwa nguvu; koili yake hutoka kwenye sumaku au hugonga bamba la nyuma, na spika hufa mapema. Boksi la kiasi huilinda koni, na kwa spika ndogo inayosukumwa na amplifaya yenye nguvu, ulinzi huo una thamani kuliko hezi chache za besi.

Gari lenyewe ni boksi la pili

Boksi lililofungwa hupoteza sauti chini ya Fc kwa desibeli 12 kila mitetemo inaposhuka kwa nusu. Katika sebule huo ni upungufu wa kweli. Ndani ya gari dogo hali ni tofauti, maana chumba chenyewe ni kidogo kuliko mawimbi ya besi. Gari lenye urefu wa ndani wa mita 2.5 huanza kuinua sauti chini ya takriban hezi 70, na kwa kanuni huinua kwa kiasi kile kile ambacho boksi linapoteza. Kimoja kinashuka, kingine kinapanda, na besi hubaki imesimama. Katika gari halisi, lenye mianya na viti vya kitambaa, faida huwa pungufu, lakini ipo. Hii ndiyo sababu kubwa ya kupendelea boksi lililofungwa badala ya lenye tundu, ambalo hutoa besi nyingi zaidi lakini hudai ujazo mkubwa na hesabu isiyosamehe.

Basi dogo la abiria halipati zawadi hiyo kwa kiasi kile. Ndani ya gari la urefu wa mita 4 au 5, mwinuko huanza chini ya hezi 45 au 35, ambako spika ndogo haina tena cha kuinuliwa. Madirisha yakifunguliwa, hata kidogo kilichokuwepo hutoka nje na kuwa kero ya wapita njia. Dereva wa gari kama hilo asifukuze besi. Atafute Qtc ya karibu na 0.7 ili maneno yaeleweke, na sauti iwe ya wastani. Sheria ya adhabu ya Rwanda ya mwaka 2018 inahesabu kelele zinazovuruga utulivu wa watu kuwa kosa, na Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha usikilizaji salama cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Barabara ya kutoka Gisenyi hadi Kigali ni ya kilomita zipatazo 150. Anayeipita kila siku huku spika ikiunguruma hukaribia kikomo hicho akiwa kazini, kabla hajafika kwenye starehe zake za jioni.

Karatasi ikiwa haipo

Spika nyingi zinazouzwa sokoni ni za mitumba, au za majina ya kuigiza, na hazina karatasi. Fundi mwenye multimita, rezista ya omu 100 na simu yenye programu ya kutoa mlio wa mitetemo anayoichagua anaweza kujipimia. Rezista huunganishwa kati ya amplifaya na spika, sauti ikiwa ndogo, na multimita huwekwa kwenye ncha mbili za spika ikipima volti za mkondo geu. Spika ikiwa huru hewani, mlio upandishwe polepole kuanzia hezi 20. Mahali ambapo volti hufika kilele ndipo Fs.

Kisha spika ifungwe kwenye boksi la majaribio lenye ujazo unaojulikana, na kipimo kirudiwe. Kilele kipya ndicho Fc. Gawanya Fc kwa Fs, jibu lizidishe kwa lenyewe, toa moja, zidisha kwa lita za boksi la majaribio: hiyo ndiyo Vas. Ikiwa Fs ni 65, boksi ni lita 10 na kilele kimehamia hezi 92, Vas ni lita 10. Na kwa kuwa kipimo kimefanyika Gisenyi, hewa ya Gisenyi imeshahesabiwa ndani yake. Hakuna haja ya kupunguza tena.

Kabla ya kupima, boksi lijaribiwe kama limeziba. Koni isukumwe ndani taratibu kwa vidole vilivyoizunguka, kisha iachwe. Ikirudi polepole, kwa kusitasita kidogo, boksi linashika hewa. Ikiruka kama vile haina boksi, kuna mwanya: penye waya, chini ya ukingo wa spika, au kwenye maungio ya mbao. Silikoni au gundi ya mbao huumaliza. Ubao wa MDF, ambao mafundi huupenda kwa uzito wake, hunywa unyevu na kufura, kwa hiyo kingo zake zipakwe rangi au vanishi pande zote, au litumike plaiwudi. Boksi lenyewe lifungwe kwa bolti kwenye sakafu ya gari, kwani katika kona za mlima kati ya Rubavu na Musanze kilo 10 za mbao na sumaku hazipaswi kuwa huru nyuma ya vichwa vya watu.

Qts hudai vipimo vya ziada, na asiyetaka kuvifuata ana njia ya sikio. Atengeneze boksi la majaribio kubwa kidogo, tuseme lita 15, awe na vipande vya mbao ngumu, kila kimoja cha lita moja. Boksi likiwa tupu ndani ya gari, injini ikinguruma na madirisha yakiwa juu, aisikilize taarifa ya habari inayosomwa na mwanamume. Aingize kipande kimoja, aifunge spika, asikilize tena. Aendelee hivyo hadi sauti ya msomaji ianze kuvuma kifuani, kisha akitoe kipande cha mwisho alichokiweka na ahesabu lita zilizobaki.